Ng'ombe Hatukanwi

Kazi yangu ni kupaka uso rangi, kuvaa suruali pana ya mistari na kuingia uwanjani mbele ya fahali. Wamarekani wanauita mchezo huo rodeo. Mtu anampanda fahali, anarushwa chini, na mimi nakimbia katikati yao ili fahali amwache yule anifuate mimi. Watu wanacheka. Mimi naogopa. Kila lango la fahali linapokaribia kufunguliwa nahesabu hatua za kufika kwenye uzio.

Mama haamini mpaka leo kwamba mtu anatolewa kambi ya wakimbizi Tanzania, analetwa Louisville, Marekani, anapata kazi ya ghala, halafu anaiacha akachezewe na mafahali. "Umelogwa wewe," aliniambia jikoni kwetu, mtaa wa Beechmont. "Wenzako wanaingia shifti kama watu." Sasa ningemjibu nini? Nilichunga ng'ombe wa wenyeji jirani na kambi tangu nikiwa mdogo. Nawajua ng'ombe kuliko ninavyoyajua maboksi.

Ila niliwajua ng'ombe wa kule. Sisi Warundi ng'ombe tunamheshimu, na mama alitulea hivyo: ng'ombe hatukanwi, wala hapigwi usoni. Akikasirika unasema naye polepole, unazisifu pembe zake na mama aliyemzaa, mpaka apoe.

Kwenye rodeo ya mji wa Columbus nilikaribia kuua mtu kwa heshima hiyo. Fahali mweusi alimrusha mpandaji wake, yule bwana akaanguka kifudifudi na hakuinuka. Nikafika. Nikajikuta naongea Kirundi, namsifu fahali taratibu kama niko machungani. Naye akanisikia. Akatulia kabisa, palepale alipo, ukwato mmoja karibu na shingo ya yule bwana, anampumulia mgongoni. Nilitakiwa kumkasirisha anifuate, mimi nimembembeleza akae.

Mwenzangu wa kazi, aliyepakwa rangi kama mimi, alikuwa anakuja mbio, lakini alikuwa mbali. Yule bwana akaanza kujitikisa, na fahali akashusha kichwa. Nilivua kofia nikamchapa nayo puani. Nikamtukana yeye na mama yake, matusi ya sokoni, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akanigeukia. Nilikimbilia uzio, akanivunja mbavu nikiwa naupanda. Mpandaji walimtoa akiwa hai.

Nyumbani nilimweleza mama yote, na matusi pia. Alinikanda kwa kitambaa cha moto, kisha akaenda kuinjika maharage bila kunitazama. Nikajua nimemuudhi.

Mbavu zilipopona niliitwa rodeo ya mji wa Buffalo. Nyuma ya lango nilifunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena. Fahali alikuwa anagonga mbao kwa pembe, na kila akigonga mbavu zangu zinakumbuka. Simu ikalia. Alikuwa mama. Nilijua anataka nirudi, na kusema kweli angetamka tu neno hilo ningeondoka na rangi yangu usoni.

"Fahali ameshatoka?" akauliza.

"Bado, mama."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa."

Nilimsikia akivuta kiti, akiketi.

"Mwanangu, huyo usimbembeleze," akasema. "Mtukane mapema. Msamaha nitaomba mimi."