Piga Goti Kabla Hujapanda

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Njombe, nilipokabidhiwa pikipiki ya serikali, mpya kabisa, kiti chake bado kimefunikwa nailoni. Nilikuwa bwana mifugo kijana, kichwa kimejaa nywele na tumbo hakuna, na ile pikipiki ilikuwa nyekundu. Mwanangu, wewe uliyekulia hapa Toronto umezoea kuletewa vitu mlangoni vikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo sijui kama utaielewa furaha yangu ya siku ile. Niliifuta vumbi kabla haijapata vumbi.

Mkuu wangu wa kazi, Mzee Sanga, alitoka ofisini akaizunguka. Akagonga kifuniko cha pembeni kwa ukucha, kikalia kama kopo tupu. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Mgaya," akasema, "umepewa kiberiti."

Yeye mwenyewe alipanda pikipiki ya Kiingereza, kubwa na nzito, aliyokuwa nayo tangu mimi sijaanza shule. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa chuma, na vyote vilivyokuja baadaye vilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Kuiwasha kulichukua muda wa mtu kunywa chai akamaliza. Anapiga kiki, anapumzika, anafungua plagi anaifuta kwa shati, anapiga kiki tena. Popote ilipoegeshwa iliacha kidimbwi cha oili, na wafugaji walikuwa wakitazama chini tu wanajua leo Mzee Sanga amekula chakula cha mchana kwa nani. Ukimwambia inavuja, anakujibu kwamba haivuji, inatoka jasho kwa sababu inafanya kazi.

Lakini alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, alipiga goti kando ya ile pikipiki. Anachungulia chini kuona imedondosha nini usiku, anashika mnyororo, anabonyeza tairi, anakamata breki na kuziachia. Watoto wa pale mtaani walisema bwana mkubwa anasali kwa pikipiki. Hakuwajali. Akimaliza anajipangusa suruali, anavaa kofia yake ngumu, ndipo anaanza vile vita vya kiki.

Siku moja tulikuwa tunakwenda kwenye josho la ng'ombe, kila mtu na chombo chake. Mvua ikatukuta njiani. Ile chuma ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza katikati ya mlima. Mzee Sanga akapiga kiki mpaka kofia ikamwangukia puani, wapi. Mwishowe tukaisukuma hadi kwa mfugaji mmoja wa karibu, na mkuu wangu wa kazi, mtu mzima mwenye heshima zake, akapanda nyuma ya kiberiti. Mwanangu, nilijikaza nisicheke, lakini mabega yangu yalinisaliti, na yeye alikuwa ameyashika.

"Cheka tu," akaniambia sikioni. "Na wewe siku yako ipo. Utazeeka, hiki kiberiti utakiita chuma, na pikipiki za wajukuu zako utaziita kiberiti. Siku hiyo unikumbuke. Sasa simama, kuna kitu kinagonga huku nyuma."

Nikasimama. Mnyororo wa pikipiki yangu mpya ulikuwa umelegea hadi unapiga fremu. Nilishangaa kweli, maana hata wiki chache ilikuwa haijamaliza. Mzee Sanga akaniambia mnyororo mpya ndio hulegea upesi, kwa sababu bado unajinyoosha, na kwamba angekuwa amenyamaza ungechomoka kwenye mteremko wa mbele na kutulaza wote wawili. Alikuwa hajakasirika. Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono, kwamba asubuhi ile aliniona nikipanda bila kupiga goti. Toka siku hiyo nilipiga goti, na watoto wa mtaani wakapata wa pili wa kumcheka.

Basi miaka ikapita, nikaja huku kuishi na wanangu, na ile siku aliyoniahidi Mzee Sanga ikafika. Sikuitegemea, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba wanaozeeka ni watu wengine.

Jumamosi sisi wazee tunakutana kwenye duka moja la kahawa hapa mtaani Weston. Tunakunywa kahawa ambayo madaktari wametukataza, tunatengeneza serikali za nchi zote tulizopitia, halafu tunarudi kwenye mambo ya maana. Pale ndipo nilipompata rafiki yangu Pereira, Mgoa mzaliwa wa Tanga, karani mstaafu, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu na hachoki kunikumbusha. Pereira alikuja Kanada akiwa kijana, na kitu cha kwanza alichonunua hapa kilikuwa pikipiki. Anayo mpaka leo, kwenye gereji ya nyumbani kwa mwanawe huko Brampton, mji wa jirani. Ni ya miaka ile ile ya kiberiti changu. Marehemu mkewe, Teresa, alikaa nyuma yake kwenye kiti kile kwa miaka mingi ya majira ya joto, na Pereira akiisema pikipiki hiyo anapunguza sauti.

Jumamosi moja, theluji imeisha lakini mitaro bado imejaa matope na chumvi, alikuja mjukuu wangu Upendo kunisalimia pale pale dukani. Upendo ni nesi. Amepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu huko Brampton, na kazi yake iko hospitali ya huku mjini, kwa hiyo maisha yake yanaliwa na basi na treni. Alikuwa amepata leseni ya pikipiki na alitaka kununua. Baba yake, yaani mwanangu wa kumzaa, alimwambia hatampa baraka zake mpaka babu aione hiyo pikipiki kwa macho yake. Ndiyo sababu alikuja, ingawa aliagiza keki kwanza ili isionekane.

Pereira aliposikia neno pikipiki akaamka kama aliyeitwa jina. Akamwambia asithubutu kununua hizi za siku hizi. Plastiki tupu, alisema, zimejaa waya na kompyuta, taa moja ikiungua lazima umwite mtu mwenye shahada. Za enzi zetu zilikuwa chuma. Nami nikafungua mdomo kumuunga mkono, neno lenyewe likiwa tayari ulimini, ndipo nikamsikia Mzee Sanga nyuma ya mabega yangu. Nikanywa kahawa badala yake.

Kisha Pereira akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Mwanawe anaihitaji ile gereji, na yeye hataki pikipiki ya Teresa iende kwa mgeni. Atampa Upendo, bure, aendee kazini.

Jumapili baada ya kanisa tukakutana Brampton. Pereira alikuwa ameivuta nje na kuing'arisha hadi unaweza kujitazama kwenye tangi. Akapiga kiki, akapiga tena, mwanawe akaomba amsaidie akafukuzwa, na ghafla ikawaka. Mwanangu, sauti ile! Majirani walitoka vibarazani. Mimi mwenyewe nilirudi Njombe kwa dakika nzima. Pereira akamkabidhi Upendo ufunguo, na Upendo akaupokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, akasema asante Babu.

Halafu akanivuta ndani ya gereji, katikati ya makoleo ya kuzolea theluji. Upendo huniongelesha Kiingereza mimi nikimjibu Kiswahili, ndivyo tulivyozoeana. Akianza yeye Kiswahili, najua kuna jambo.

"Babu, naogopa kuipanda kwenye highway. Jana jioni alinipa niijaribu hapa mtaani, breki nakamata leo inasimama kesho. Lakini nitamwambiaje? Nyinyi ndio mlinifundisha mkubwa akikupa kitu, unapokea."

Hapo moyo wangu ulishtuka. Jumatatu asubuhi mtoto huyu angekuwa kwenye ile barabara kuu, katikati ya malori yanayokimbia kama yanafukuzwa, juu ya breki zilizochoka, kwa sababu ya adabu. Adabu tuliyompa sisi wenyewe! Nilimwambia akae hapo hapo, kazi ya kumwambia mzee ni ya mzee.

Nikatoka nje nikapiga goti kando ya pikipiki ya Pereira. Kupiga goti kwa umri wangu si tatizo, shida ipo kwenye kuinuka. Nikashika mnyororo, ulikuwa mzuri, umepakwa mafuta vizuri. Nikakamata breki, mkono ukaenda mpaka mwisho. Kisha nikatazama tairi. Kwa juu meno yake yalikuwa kama mapya, kwa kuwa miaka ya karibuni hakuna aliyekwenda nayo mbali. Lakini ubavuni mpira ulikuwa umekauka na kupasuka mistari mistari, mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Pereira alikuwa amesimama juu yangu akitabasamu, anangoja sifa.

Nilimpenda sana rafiki yangu kwa wakati ule, na ndiyo sababu nilimuuliza hivi:

"Pereira, leo hii, ungempakia Teresa juu ya tairi hizi?"

Tabasamu likaondoka. Nikadhani nimempoteza. Akashika kiti, akashuka polepole, magoti yakilia, mpaka tukawa wazee wawili tumepiga goti kwenye barabara ya saruji mbele ya mtaa mzima. Akapitisha kidole kwenye zile nyufa.

"Nisingempakia," akasema.

Pale chini ndipo nilipomsimulia habari ya Mzee Sanga na kiberiti. Nilipofika kwenye pikipiki inayotoka jasho la oili akaanza kucheka, na nilipomwambia kwamba hii chuma yake ya leo ndiyo iliyokuwa kiberiti machoni pa Mzee Sanga wakati ule, alicheka mpaka akashikilia tangi. Upendo na mwana wa Pereira wakaja kutuinua, mmoja huku mwingine kule. Pereira mwenyewe akauchukua ufunguo kutoka mkononi mwa Upendo, akamwambia kwa upole kwamba zawadi yake bado haijaiva, amsaidie kuipika.

Mwana wa Pereira naye, baada ya kumwona baba yake amecheka namna ile, hakuitaja tena gereji. Siku ambazo Upendo hayuko zamu anakwenda pale gereji, yeye na Pereira wanafungua kabureta pamoja, wamebadilisha tairi na breki, na kuna Jumapili Pereira huiendesha taratibu hadi kanisani na kurudi. Upendo naye alinunua pikipiki ya siku hizi. Inawaka kwa kubonyeza kidole, hata kukiwa na baridi. Breki zake hazifungi gurudumu hata ukizikamata kwa woga kwenye lami yenye maji, na ina kioo kama cha simu kinachoeleza kila kitu, hata upepo wa tairi. Niliizunguka nikaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kopo, na nikanyamaza.

Nilipomwambia apige goti kila asubuhi, alinijibu kwa Kiingereza kwamba kioo kinamwambia likiwapo tatizo. Nikamwambia sawa, kioo kiheshimu, halafu upige goti.

Wiki chache baadaye nilikuwa napika ugali mchana, simu ikalia. Ilikuwa picha ya tairi la nyuma, na katikati ya mpira kichwa cha skrubu kinang'aa, kimezama. Alikuwa kwenye maegesho ya hospitali, ametoka zamu, amechoka, yuko karibu kuingia barabara kuu. Kioo kilikuwa kinaonyesha kila kitu shwari, maana upepo ulikuwa bado haujaanza kutoka. Chini ya picha alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, "Babu, nimepiga goti."

Nilizima jiko nikakaa. Nilitoa machozi, na sioni haya kukwambia. Ugali uliharibika, nao nikaula wote kwa furaha.

Sasa mwanangu, nikwambie nilichotaka kukwambia. Mtu mzima akikusimulia kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara, msikilize kwa heshima, lakini muulize viliharibika mara ngapi na ni nani aliyekuwa akivitengeneza. Vyetu viliharibika sana. Tulivifunga kwa waya na koleo kando ya njia, na kwa kuwa tuliujua kila uchungu wake, tukavipenda, na leo tunadhani upendo ule ulikuwa chuma. Vyenu vimetengenezwa vizuri kuliko vyetu, nakubali, na nimekubali mbele ya Pereira. Lakini kwa kuwa haviwasumbui, mnavipanda bila kuvitazama, na hapo ndipo hatari yenu ilipo. Ukipewa chombo, kiwe kipya au cha marehemu, kitazame kwa macho yako kabla hujakikabidhi roho yako. Na mkubwa akikupa kitu kinachoweza kukuua, kikatae kwa adabu, au mlete mkubwa mwingine akusaidie kukataa. Hatutakuchukia kwa hilo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila makutano ya barabara, akukinge na lami yenye barafu na dereva anayetazama simu. Akupe magoti yenye nguvu ya kuinama na mtu wa kukuinua yatakapochoka. Na akujalie uzeeke sana, uizunguke pikipiki ya mjukuu wako, uigonge kwa ukucha, na uione ni kiberiti. Siku hiyo utukumbuke, mimi na Mzee Sanga.