Kiuno cha Deodata

Tangu fundi wetu wa nguo afariki, baraza lake halina tena mlio wa cherehani. Alizungumza na pini midomoni, na vidole vyake vililainisha kitambaa hata pale asipokuwa nacho. Ndiye aliyetunza koti la harusi la bibi yake, aliyefungia ndoa misheni enzi za Wajerumani: hariri ya rangi ya maziwa, kola ndefu hadi kidevuni, mabega yaliyofura, kiuno chembamba mno. Wasichana wa kijiji chetu cha ujamaa waliolewa nalo kwa zamu. Hakulikata kamwe. Alilibana kiunoni kwa kipimo cha kila msichana, kwa mishono mirefu ya mkono, na Jumatatu baada ya harusi aliifumua mbele ya bibi harusi mwenyewe. “Kula taratibu, mwanangu,” alitania, “koti hili halina huruma.”

Mwishoni mwa 1978 alimbania koti hilo binti yake, Deodata. Wiki hiyohiyo mchumba, Pancras, akaitwa vitani pamoja na mgambo wenzake. Hakurudi. Vita vilipokwisha, Eustakia wa jirani alikuja kuliazima. “Shikamoo, mama.” “Marahaba.” Fundi akachukua mkasi, akautafuta mshono wa kiunoni, akaushika, akabaki hivyo. Deodata alikuwa mlangoni. “Fumua tu, mama. Mwenzangu aolewe.” Mama yake hakuinua macho. “Bado sijamaliza kulibana,” akasema, akalirudisha sandukuni.

Amezikwa hapa kijijini Nyakisasa, kando ya mibuni yake. Koti limo sandukuni, na kiuno bado ni cha Deodata.