Mayai ya Mama Zena na Kibao Kisichosikia

Jumatatu ya kiangazi, siku iliyofuata baada ya kuanua matanga ya mke wangu Salome, naikumbuka vizuri, mwanangu. Wageni walikuwa wamekwisha kurudi Misigiri na Kiomboi, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na nyumba yetu hapa Shelui ilikuwa kubwa kuliko nilivyoizoea.

Salome alinizidi ufundi. Mimi nimeishia darasa la saba na natengeneza redio. Yeye aliunda mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku la mbao, balbu, feni ndogo, na kibao cha umeme cha ukubwa wa kiberiti kinachoamua joto lipande au lishuke. Kibao kipya hakijui lolote. Unaandika maagizo kwenye kompyuta, kisha unayapitisha kwa waya mpaka yaingie humo.

Asubuhi ile umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kibao kikaungua. Sandukuni kulikuwa na mayai ya jirani yetu, Mama Zena. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umemmalizia kuku wote bandani, kwa hiyo mayai yale ndiyo mbegu pekee aliyobaki nayo. Akayahamishia kwenye kikapu chenye chupa za maji ya moto, akafunika blanketi.

"Baba Neema, maji nitabadilisha mimi," akasema. "Wewe hangaika na hicho kidude chako. Ila usichelewe, chupa si mama kuku."

Kibao cha akiba kilikuwepo, na maagizo ya Salome yalikuwa kwenye flashi. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa imefutwa kabla ya msiba, hivyo ilibidi niweke upya ile programu ya kupitishia maagizo. Nikaiweka. Nikachomeka kibao, taa yake ikawaka, nikamshukuru Mungu. Kompyuta ikasema haioni kitu. Nikafuta programu, nikaiweka tena. Nikapakua toleo la zamani. Nikabadilisha mipangilio ambayo hata maana yake sikuijua. Ujumbe mwekundu ukawa unatokea, nami naufunga bila kuusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi siku ile nilikuwa na pupa ya kutosha kijiji kizima.

Adhuhuri akaingia Maganga, mtani wangu, Mnyamwezi wa Nzega, dereva wa lori. Ndiye aliyelala ndani ya kaburi siku ya mazishi, kwa haki ya utani wa makabila yetu, akakataa Salome azikwe mpaka apewe jogoo.

"Wewe Mnyiramba," akasema, "mkeo ameondoka na akili za nyumba nzima?"

Mama Zena akacheka palepale alipoinamia kikapu.

"Kibao hiki kibovu," nikamjibu.

"Kibovu na taa inawaka?"

"Basi kompyuta ndiyo mbovu."

"Umebadilisha nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu! Kikipona utajuaje dawa ilikuwa ipi? Mganga gani wewe, unamnywesha mgonjwa majani yote ya porini kwa siku moja?" Akainama, akaushika waya. "Na huu si wangu? Nilikuachia uchajie simu. Huu unapitisha umeme tu, mtani. Nikiuchomeka kwenye redio ya lori, simu inajaa lakini redio haisomi wimbo hata mmoja. Wa Salome uko wapi?"

Nikatazama mlango wa chumbani. Waya wa Salome ulikuwa na vitu vyake vingine, vimefungwa kwenye kanga na shemeji zangu, juu ya kabati, vikingoja kugawanywa siku ya arobaini.

"Umo kwenye furushi la Salome. Mila," nikasema.

"Mila inakataza kugawa, haikatazi kuazima. Sema unaogopa."

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa fundo lile lifunguliwe, harufu yake itoke. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeificha hofu yangu nyuma ya mila, huku mayai ya mwenzangu yanapoa.

"Sasa mtani yupo wa nini?" akasema Maganga, akaingia chumbani. Alitoka amejifunga kanga ya Salome kiunoni na kilemba chake kichwani, akiuchezesha waya hewani, na kwa kuigiza sauti hasa ya Salome akaniuliza, "Baba Neema, hizo redio za watu unazitengeneza, au unazifungua tu?"

Mama Zena akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Hakuna aliyenikemea.

Nikachomeka waya ule. Kompyuta ikatoa mlio mfupi, jina la kibao likatokea. Nikapitisha maagizo, yakakataa. Safari hii nikausoma ule ujumbe mwekundu, polepole, neno kwa neno. Ukaniambia wazi: nimechagua kibao cha aina nyingine. Ni mimi niliyevuruga asubuhi. Nikarekebisha hilo moja tu, maagizo yakaingia, nikakifunga kibao sandukuni, balbu ikawaka, feni ikazunguka, Mama Zena akarudisha mayai.

Basi, mwanangu unayeanza kazi hizi, sikia. Taa kuwaka si kusikia. Mtu naye anaweza kuitika salamu zote na ndani hayupo. Anza na waya kabla hujalaumu ubongo. Badilisha jambo moja, tazama, ndipo uende la pili. Ujumbe wa kosa usome kabla ya kuufunga. Na ukiona unazunguka mbali na kitu kilicho karibu, jiulize unakiogopea nini. Mungu akupe mikono mitulivu, na akujalie mtani wa kukucheka siku ambayo wewe mwenyewe huwezi kujicheka.

Mayai hayakupona yote, siwezi kukudanganya. Lakini siku za kuanguliwa zilipotimia, Mama Zena alikuja mapema, akaweka sikio juu ya sanduku, akaninyooshea kidole ninyamaze ingawa sikuwa nimesema neno.

"Kuna mmoja anagonga," akanong'ona.