Karamu ya Kumuaga Papa Espoir

Harufu ya kinyesi cha farasi kutoka uwanja wa mbio wa Turffontein, ikichanganyika na nyasi mbichi, bado hunikasirisha. Nyuma ya uwanja huo ndipo timu ya besiboli ya kanisa letu ilipochezea, Wakongomani na Wakenya tuliohamia huku kusini mwa Afrika, kwa glovu kuukuu tulizopewa na shule jirani. Nilikuwa na miaka tisa. Mrushaji wetu, yule anayemtupia mpira mwenye gongo, alikuwa Papa Espoir, fundi cherehani aliyewahi kusifika sana kwa urushaji wake, lakini msimu ule mkono wake ulikuwa umekwisha. Wapinzani waliupiga mpira wake hadi barabarani huku wakicheka. Dada yangu Furaha, wa miaka kumi na saba, alikuwa akirusha mpira unaovuma, na kila mtu aliona, wazee wa kamati wakiwamo. Walikwisha kumwahidi nafasi ile, naye akashona namba mgongoni mwa jezi yake.

Kilichobaki ni kumwambia mzee. Wanaume wazima, mmoja meneja wa benki, mwingine mhadhiri, wote wakaufyata! Kwetu mkubwa haambiwi amechoka; huandaliwa karamu ya kumuaga, akaelewa mwenyewe. Basi pilau ikapikwa, na kila mwoga aliyeshika kipaza sauti akashindana na mwenzake kusifu. Mwenyekiti, Mkenya mwenye tai nyekundu, ndiye aliyekamilisha upuuzi: “Mzee wetu, bila wewe hii timu si kitu!” Papa Espoir akainuka, machozi yakimlengalenga. “Kama munanipenda hivi, basi nitabakia.” Wakapiga makofi. Hao hao! Furaha akanong’ona, “Eish, mama, na mimi je?” Mama akamkata, “Nyamaza, ule ni mukubwa.”

Tulipigwa msimu mzima. La kuvunda halina ubani, na sifa zote zile hazikumrudishia mzee mkono wake. Yeye simlaumu, aliamini alichoambiwa. Furaha hakurusha mpira tena.

Siku hizi mimi hutazama besiboli ya Marekani kwenye simu. Mkono wa mkongwe ukiisha, klabu haimpi mkataba mpya, na wenzangu kanisani husikitika kwamba watu wale hawana utu. Huwa nawacheka. Ukatili niliuona mwenyewe, umevaa tai na kuzungumza kwa adabu. Na makofi yalipokwisha, aliyeitwa jikoni kuosha sahani za karamu ile alikuwa Furaha.