Makene alikufa na nini? Swali linalompeleka nesi wa Tunduma kwenye udaktari

Saa tisa kasoro robo alasiri, simu inaita ndani ya droo ya meza ya wauguzi. Hakuna anayeshtuka isipokuwa mwandishi. Muuguzi Gwantwa Mbonile anamalizia kufunga bandeji ya mgonjwa, ananawa mikono, anavuta droo na kuichomoa simu kwenye chaja. Kioo chake kimepasuka, na jina linalosomeka ni "Kaka Mkubwa".

"Haloo. Mwenye simu hii yuko kituo cha afya, mimi ni nesi," anasema. "Kabla sijakwambia lolote, naomba unieleze ndugu yako yukoje."

Upande wa pili, sauti ya mwanaume inaanza kueleza kwa kusitasita. Mfupi. Maji ya kunde. Ana miaka arobaini na ushee. Wakati inaeleza, Gwantwa anatembea na simu sikioni mpaka kitanda cha sita, alikolazwa dereva wa lori aliyeletwa asubuhi na bodaboda akiwa hana fahamu.

"Kidole gumba cha kushoto hana," sauti inaendelea. "Kilikatwa na mashine ya kusaga, bado tukiwa wadogo."

Gwantwa anafunua shuka, anauinua mkono wa kushoto na kuutazama.

"Ni yeye," anasema. "Anapumua. Njooni."

Kituo hiki cha afya kipo Tunduma, si mbali na barabara ambayo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Madereva hukaa kwenye foleni hiyo siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Mtu akianguka huko, mara nyingi anafika hapa bila kitambulisho, kwa sababu leseni na pasipoti yake viko kwa wakala wa forodha. Anachokuwa nacho mfukoni ni simu, na simu yenyewe imefungwa kwa namba ya siri.

Kwa hiyo wauguzi wa hapa wana utaratibu ambao haujaandikwa popote. Simu ya mgonjwa asiyejitambua huwekwa kwenye chaja, na watu husubiri iite. Akifariki kabla haijaita, inaendelea kuchajiwa.

Siku mwandishi alipofika, droo ilikuwa na simu tatu. Mbili zilikuwa za wagonjwa waliokuwa wodini. Mwenye ya tatu alikuwa amepelekwa mochwari siku tano kabla.

"Hiyo imeita mara mbili tangu Jumapili, ikakatika kabla sijaifikia," anasema Gwantwa, 33, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za hali ya hewa. "Kuna mtu anamtafuta. Nikiizima, atadhani kamkasirikia."

Mwenzake wa zamu, muuguzi Restuta, hakai upande huo wa meza. Anasema ameshazoea damu na ameshazoea maiti, ila hajazoea kuona jina la "Mke Wangu" likiwaka kwenye simu ya mtu aliyemfunga taya kwa mkono wake. Mwandishi naye anakiri kwamba alisogeza kiti chake bila kuombwa.

Swali la "ndugu yako yukoje" halikuwapo zamani. Lilianza miaka minne iliyopita, baada ya kosa ambalo Gwantwa hulisimulia bila kujipunguzia hata chembe.

Ilikuwa Jumanne, msimu wa mvua. Mwanaume aliyekadiriwa kuwa na miaka thelathini na kitu aliletwa na bodaboda aliyemkuta amekaa chini nje ya duka la dawa, jasho likimtoka kama aliyemwagiwa maji. Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa amesindikiza mama mjamzito kwenda hospitali nyingine. Gwantwa alikuwa peke yake na wagonjwa kumi na mmoja.

"Nilimpigia tabibu, akaniambia mtundikie dripu, mpime, naja," anasema. "Nikampima kila baada ya robo saa. Kwa saa nne. Nilikuwa naona kabisa anaondoka, na sikujua nimshike wapi."

Alifariki saa tisa alasiri. Dakika chache baadaye simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati lake ikaita. Jina lilikuwa "Mama Faith".

Gwantwa alipokea. Mwanamke wa upande wa pili alimsalimu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya milima ya Ileje, na Gwantwa, mzaliwa wa Itumba, huko huko Ileje, akaitambua papo hapo. Akabadilisha lugha. Akampa habari ya msiba kwa Kindali.

"Nilidhani namrahisishia," anasema. "Mtu akiambiwa jambo zito kwa lugha ya kwao haulizi mara mbili. Laiti ningeongea Kiswahili, pengine angeniuliza huyo maiti yukoje, tukajua mapema."

Kwa sababu maiti haikuwa ya mume wa Mama Faith. Mumewe, Mika, ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa mzima, anakula ugali Nakonde.

Jambo lenyewe ni la kawaida sana kwa madereva wa mpaka huu. Anayevuka huazima simu ya mwenzake yenye laini ya Zambia, na humwachia ya kwake yule anayebaki kwenye foleni, ili familia yake ikipiga ipate mtu wa kupokea ujumbe. Mika alikuwa amebadilishana simu na rafiki yake, Makene Mabula. Aliyekufa ni Makene, akiwa na simu ya Mika mfukoni.

Kwa siku mbili, hakuna aliyejua.

Kijijini kwa Mika, turubai lilifungwa na kaburi likaanza kuchimbwa. Jumatano mchana, katikati ya msiba, simu ya Mama Faith, ambaye jina lake ni Ruti, iliita kwa namba ya Zambia asiyoijua. Akapokea. Mumewe akamsalimu na kumuuliza kama mtoto anaendelea vizuri na kikohozi.

"Sikupiga kelele," Ruti alimweleza mwandishi alipotembelewa. "Niliiweka simu chini ya mkeka, polepole. Nikawaambia wazee. Wakasema nisipokee tena, kwamba kuna kitu kinatumia sauti yake. Ikaita mara sita. Sote tukaikalia kimya."

Huko Nakonde, Mika naye alikuwa anapokea simu. Mitandao ya Tanzania hufika ng'ambo ile, na simu ya Makene ilikuwa na laini mbili, ya Zambia na ya Tanzania. Mama yake Makene, anayeishi bonde la Momba, alipiga mara tatu kumtafuta mwanawe.

"Nilimwambia Makene yupo upande wa pili, kwenye foleni, mzima," anasema Mika. "Mara ya tatu alikuwa na wasiwasi, akasema ameota vibaya. Nikamwambia nimetoka kuongea naye sasa hivi. Nilidanganya ili asihangaike."

Anakuna shavu.

"Siku hiyo alikuwa mochwari tangu jana yake. Mimi ndiye nilikuwa namjibia."

Alhamisi, barabara ilipopitika, ndugu wa Mika walifika kituoni na jeneza. Kaka yake alifunuliwa uso wa marehemu, akautazama, akaomba ufunikwe na kufunuliwa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu siye. Gwantwa, aliyekuwa amesimama pembeni, akakaa sakafuni na sare yake nyeupe. Ndipo ile namba ya Zambia ikapigwa, Mika akapokea, na Makene akajulikana.

Mika alirudi kwao wiki iliyofuata na kukuta nguo zake zimeshagawiwa. Alirudishiwa zote isipokuwa koti moja. Anasema watu wanamkarimu, ila mpaka leo wapo majirani wanaomsalimu kwa mdomo bila kumpa mkono, na binti yake, Faith, alichukua mwaka mzima kukubali kukaa naye chumba kimoja taa ikiwa imezimwa.

Gwantwa alipewa barua ya onyo. Anasema aliistahili. Jambo linalomuuma ni karatasi nyingine, fomu ya kifo cha Makene, ambayo mbele ya sababu iliandikwa neno moja: haijulikani. Hakuna uchunguzi uliofanyika. Mama yake Makene aliuzika mwili nyuma ya nyumba yake huko Momba, na tangu hapo anaishi peke yake na kaburi hilo.

Ila anapiga simu. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, Mama Makene humpigia Gwantwa. Hamlaumu. Huuliza swali moja tu.

"Ananiuliza, nesi, mwanangu alikufa na nini?" anasema Gwantwa. "Mara ya kwanza nilimwambia daktari ndiye anayejua. Akaniuliza, daktari alikuwapo? Nikasema hapana. Akasema, basi uliyekuwapo ni wewe."

Ni kweli alikuwapo, na aliandika. Gwantwa ana daftari la kawaida la shule ambamo siku ile alinakili vipimo vyote kumi na sita: mapigo ya moyo, presha, joto, pumzi, mate yaliyomtoka, mboni za macho zilivyokuwa zimesinyaa. Amewaonyesha madaktari wawili kwa nyakati tofauti. Mmoja alisema ni moyo. Mwingine alisema ni sumu, pengine dawa ya wadudu.

"Wote wawili waliangalia dakika mbili, wakanirudishia daftari," anasema. "Mimi nimelisoma miaka minne. Nalijua kwa moyo, na silielewi. Hilo ndilo linaloniudhi. Nataka nilielewe mwenyewe."

Hapo ndipo safari ya udaktari ilipoanzia, na haikuanza kwa mbwembwe. Stashahada yake ya uuguzi peke yake haikutosha, na kidato cha sita hakuwahi kukisoma. Ilimbidi ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, akiwa na miaka thelathini, zamu za wodi, na mshahara ambao baada ya makato haufiki laki saba.

Mwalimu Osea Lwitiko, anayefundisha Fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Mbozi, ndiye aliyemfungulia mlango wa maabara siku za Jumamosi. Anakumbuka alivyokuja mara ya kwanza na sare ya uuguzi, akakaa dawati la nyuma, na wanafunzi wote wakasimama wakamwamkia shikamoo wakidhani amekuja kuchanja.

"Kichwa anacho," anasema mwalimu Osea. "Tatizo lake alikuwa anataka kila kanuni imwambie kitu kuhusu mtu aliyekufa. Nikimfundisha mgandamizo wa kimiminika, ananiuliza habari za mapafu. Nikamwambia dada, kwanza tufaulu, marehemu atatuvumilia."

Marehemu alivumilia mara mbili. Mwaka wa kwanza Fizikia ilimwangusha vibaya. Alilia siku moja, anasema, kisha akalipa ada ya mtihani tena na kuacha kununua nyama. Mwaka jana alirudia, na matokeo yakatoka: Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D.

Si alama za kujivunia barabarani, na yeye analijua hilo. Nafasi za udaktari ni chache, na vijana wanaoziomba wakiwa na A tatu ni wengi. Asipopata mwaka huu, atafanya Fizikia kwa mara ya tatu. Wapo ndugu wanaomwambia aridhike. Shangazi yake alimuuliza waziwazi kama ana uhakika ni yeye anayetaka kusoma, au ni yule mtu wa foleni anayemsukuma.

"Nilimwambia sijui, shangazi," anasema Gwantwa na kucheka kidogo. "Lakini kama ni yeye, basi angenisaidia na Fizikia."

Mwandishi alimuuliza kama anadhani udaktari utampa jibu kweli. Alisema Makene hawezi kufukuliwa na hata angefukuliwa isingesaidia. Huenda atasoma miaka yote hiyo, afungue lile daftari, na akute vipimo vyenyewe havitoshi kusema. Hilo linamtisha kuliko kukosa chuo.

"Lakini nitakuwa nimelisoma na mtu anayejua," anasema, "na mtu huyo atakuwa mimi."

Maombi aliyatuma Jumatatu, kwa vyuo vitatu, kwenye kompyuta ya duka la vifaa vya ofisi karibu na wanaobadilisha fedha. Kesho yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Saa tisa simu yake mwenyewe ikaita, na kwa ruhusa ya wote wawili, mwandishi akasikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimepiga kuuliza lile."

"Mama, bado sijui. Ila nimeomba kwenda kusoma udaktari. Wakinichukua, ni miaka mitano darasani, na mmoja wa mazoezi."

Kwa nyuma walisikika kuku.

"Na ukimaliza utajua?"

"Nikimaliza nitasoma nilichoandika siku ile, nikwambie nilichoelewa. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, mama."

Mama Makene alikohoa, kisha akaongea kwa sauti iliyotulia, kama mtu aliyegeuka kumwangalia kwanza mwenzake aliye nyuma ya nyumba.

"Sita si mingi," alisema. "Nenda ukasome, mwanangu. Tutakungoja."