Vyura wa Jangwani na Kidimbwi Chetu

Leo shule yetu imewafukia vyura ili mgeni aje asikilize namna ya kuwalinda vyura.

Sitanii.

Mgeni mwenyewe ni mkaguzi wa masomo. Mimi nilichaguliwa kumsomea kazi yangu juu ya vyura wa jangwani, wanaotoweka huko mpakani mwa nchi mbili ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzifikia.

Basi asubuhi prefe wetu, mkuu wa shule, akaamuru salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Akaonyesha kidimbwi kilicho nyuma ya darasa letu.

"Batoto, muzike hii maji mbio! Mugeni asikute buchafu."

Kidimbwi hicho nimekitazama wiki tatu nzima kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Kilijaa viluwiluwi, watoto wa vyura. Nilitaka kusema kitu. Sikusema (mnanijua). Niliwahi kuchota kopo moja tu la viluwiluwi, majembe yakaanza.

Saa nne nikasoma. Prefe alipiga makofi kuliko wote.

Kisha mkaguzi akaniuliza: "Na huku kwenu, bachura iko?"

"Ilikuwako, Papa. Mpaka saa mbili ya leo."

Prefe akashikwa na kikohozi.

Kabange, jirani yangu wa benchi, akaninong'oneza: "Kumbe weye unasemaka!"

Sasa viluwiluwi tisa wanaogelea kwenye beseni ya mama ya kufulia, na kesho mama anafua.

Nani kati yenu ana dimbwi ambalo hakuna mgeni anayekuja kulitembelea?