Tambi za Baba Msimu Ule wa Mvua

Harufu ya tangawizi na vitunguu saumu vikikaangwa na nyama ya kusaga hunirudisha kwenye nyumba yetu ya kupanga mtaani West Indies, hapa Eldoret, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Mvua ya mji huu haina adabu. Hupiga mabati mpaka watu wa nyumba moja washindwe kusikizana. Lakini mwaka ule hatukuhitaji mvua ili tunyamaze. Mama alikuwa ametoka hospitalini mikono mitupu. Blanketi jeupe alilokwenda nalo lilirudi likiwa bado limekunjwa, na hakuna aliyeniambia mtoto yuko wapi. Nilielewa kwa kuwatazama majirani waliokuja, wakaketi, wakaomba, kisha wakaondoka bila kumaliza chai.

Gogo, mama yake Baba, alikuja kutoka Kesses na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na unga wa wimbi. Alimpikia Mama uji, akamchemshia supu ya kuku, akamsongea ugali laini. Mama alivionja kwa heshima tu, kisha akageukia ukuta. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga walisema, lakini kwetu ni kama mzazi alikuwa mmoja tu. Baba aliambiwa ajikaze. Alikuwa dereva wa lori kwa Wachina waliokuwa wakijenga barabara nje ya mji. Alitoka alfajiri, akarudi na matope hadi magotini, akaketi kwenye kiti chake kungoja chakula kama wanaume wote niliowajua. Jikoni hakuwa akiingia, hata kujichotea maji ya kunywa.

Jumapili moja baada ya ibada Baba alipitia kambini kwa Wachina, akarudi na chupa ya rojo jeusi la soya. Alipewa na mpishi wa kambi, mzee wa Kichina ambaye Baba alizoea kuketi karibu na meko yake siku ambazo mvua ilizuia malori kufanya kazi. Alivua koti, akakunja mikono ya shati lake la kanisani, akaingia jikoni. Gogo akasimama mlangoni.

"Kiprop, unatafuta nini huko ndani?"

"Natafuta sufuria, Mama."

"Si uniambie nikupatie?"

"Nataka kupika."

Gogo akashika kiuno. "Mimi sikuzaa mpishi."

"Ulizaa mtu, Mama," Baba akajibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Na bibi ya huyo mtu hali chakula."

Gogo alibaki palepale mlangoni. Baba alimimina unga wa ngano kwenye karai, akaniambia nilishike lisiteleze, akakanda kwa mikono ile iliyozoea usukani hadi jasho likamtoka. Alisukuma donge likawa pana kuliko chapati yoyote niliyowahi kuona, akalinyunyizia unga, akalikunja, akaanza kulikata kwa kisu. Tambi nyingine zilitoka nyembamba kama kamba za viatu, nyingine nene kama kidole changu. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," Gogo akasema. "Leo tunakula minyoo." Nilicheka, kisha nikaogopa kwa kuwa nimecheka. Nyama ilipokauka maji na kuanza kulia kwenye mafuta, Baba alitia tangawizi na saumu, halafu lile rojo, na mchuzi ukawa mweusi unaong'aa. Alikuwa ameshika tambi juu ya sufuria ya maji tuliposikia sauti.

"Hayajachemka hayo. Ngoja."

Mama alikuwa nyuma ya Gogo, leso mabegani, akitazama jiko lake lililojaa unga hadi dirishani. Gogo alimpisha. Mama akaketi kwenye kigoda, na maji yalipochemka akaitikia kwa kichwa. Baba alimpakulia, akamwagia mchuzi, akapanga juu yake vipande vyembamba vya matango. Mama alikula polepole, halafu kwa haraka, machozi yakidondokea bakulini naye hayafuti.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema ghafla.

"Nilimwona," Baba akajibu. Alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Nyeusi. Zimelala hivi." Akapitisha kiganja juu ya utosi wake mwenyewe, unga ukabaki kichwani, na hapo ndipo nilipomwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza. Gogo alichukua bakuli mikononi mwa Mama, akaliongezea tambi, akamrudishia.

Baba alipika kila Jumapili mpaka barabara ikaisha, Wachina wakahama na chupa ikakauka. Kisha alirudi kwenye kiti chake, na hakuna aliyemlaumu. Leo Eldoret ni jiji. Tambi za pakiti huiva kabla hujaandaa meza, na wanangu wawili wa kiume hujipikia bila mtu kuwashangaa. Mwanamke akifiwa na mtoto mchanga, simu yake hujaa jumbe za pole kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Ni vizuri, ingawa sijui ni wangapi kati yetu humchuchumalia mwenzetu.

Majuzi niliwatembelea wazazi wangu, ambao sasa wanaishi shambani Kesses, nikamwuliza Baba kwa nini siku ile alichagua tambi. Miaka yote nilidhani alikuwa na sababu kubwa.

"Ndicho chakula nilichokuwa nimeona kikipikwa mwanzo hadi mwisho," akasema. "Sikujua kingine."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga kando yake, hakuinua macho. "Na chumvi ilikuwa nyingi ajabu," akasema. "Lakini nilimaliza."